Ibn al-Nafis: Tabibu Aliyewaachia Wagonjwa Nyumba Yake

Katika wanavyuoni wa Kiislamu wako waliotumikia fikihi, na wako waliotumikia utabibu. Waliozikusanya elimu zote mbili katika kifua kimoja ni wachache. Mmoja wao ni Sheikh Ala al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qarshi, ambaye ulimwengu unamjua zaidi kwa jina la Ibn al-Nafis. Alifariki mjini Kairo mwaka 687 Hijria, sawa na mwaka 1288 Miladi, na tangu siku hiyo imekwisha pita zaidi ya miaka mia saba.

Tumeona yafaa maisha yake yaandikwe katika kijitabu hiki cha kumbukumbu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Sheikh huyu alikuwa mfuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, kama tulivyo wengi wetu katika nchi hizi za Afrika ya Mashariki, na aliyafundisha madhehebu hayo katika madrasa kubwa. Ya pili, nayo ndiyo iliyotupa hima ya kushika kalamu, ni kwamba kabla ya kuiaga dunia alifanya jambo ambalo kila mmoja wetu, awe tajiri au awe mwenye kibanda kimoja, anaweza kulifanya kwa kadiri yake: aliwakumbuka wagonjwa katika kile alichokiacha nyuma.

KUZALIWA KWAKE NA MASOMO YAKE

Ibn al-Nafis alizaliwa katika nchi ya Sham, karibu na mji wa Damaski, mwaka 607 au 610 Hijria, yaani baina ya mwaka 1210 na 1213. Wakati huo Sham na Misri zilikuwa chini ya ukoo wa Sultani Salah al-Din al-Ayyubi, na Vita vya Msalaba vilikuwa havijakwisha. Kwa hiyo alikulia katika nchi yenye majeruhi wengi na khofu nyingi. Lakini nchi hiyo hiyo ilikuwa na madrasa, maktaba na hospitali ambazo mfano wake haukupatikana katika nchi nyingi za zama zile.

Hospitali za wakati huo ziliitwa bimaristani, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ni mahali pa wagonjwa. Bimaristani mashuhuri ya Damaski ilikuwa ile ya Nuri, iliyojengwa na Sultani Nur al-Din Mahmud bin Zangi baada ya kuingia katika mji huo mwaka 1154. Humo wagonjwa walitibiwa, na humo vijana walisomeshwa utabibu. Mwanafunzi alimfuata mwalimu wake kitanda kwa kitanda, akamwangalia jinsi anavyoshika mshipa wa mgonjwa na jinsi anavyomwuliza khabari zake, kisha wakakaa pamoja kusoma vitabu na kujadiliana. Ndimo Ibn al-Nafis alimojifunza kazi yake.

MWALIMU WAKE NA NYUMBA YA DAMASKI

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Muhadhdhab al-Din al-Dakhwar, tabibu wa masultani, aliyepata kuwa mkuu wa matabibu wote wa Misri na Sham. Yapasa tusimame kidogo kwa bwana huyu, kwa kuwa jambo alilolifanya mwalimu ndilo lililokuja kuonekana baadaye kwa mwanafunzi.

Al-Dakhwar alipata mali nyingi kwa kazi yake. Mwaka 622 Hijria, sawa na 1225, alipokuwa akijitayarisha kwa safari ya kwenda kumtumikia mmoja wa wafalme, aliitoa nyumba yake ya Damaski kuwa wakfu, ipate kuwa madrasa ya kusomeshea utabibu baada yake. Wala hakutoa kuta tupu. Aliambatanisha na nyumba ile mashamba na milki nyingine, ili mapato yake yaitengeneze nyumba, yamlipe mwalimu mshahara, na yawape wanafunzi posho ya kuwatosha. Tena alimtaja mtu atakayesomesha humo.

Mwishoni mwa umri wake maradhi yaliushika ulimi wake hata maneno yakawa mazito kutoka. Wanafunzi wake walizidi kumwendea. Wao walisoma na kubishana mbele yake, naye akawajibu kwa kuandika juu ya ubao. Alifariki mwaka 628 Hijria, sawa na 1230, na nyumba yake ikafunguliwa kuwa madrasa kama alivyotaka. Kijana Ibn al-Nafis, ambaye umri wake wakati huo haukuzidi miaka ishirini na moja au zaidi kidogo kwa hisabu ya Hijria, aliiona khabari hii kwa karibu: mtu amekufa, ulimi wake umenyamaza, lakini nyumba yake inaendelea kusomesha.

KUHAMIA KWAKE MISRI

Baadaye Ibn al-Nafis alihama Sham akaenda Kairo, na huko ndiko alikoishi mpaka mwisho wa maisha yake. Alipanda daraja kwa daraja hata akawa mkuu wa matabibu wa Misri. Asubuhi zake zilikuwa za wagonjwa na wanafunzi. Usiku nyumba yake ilijaa wageni: matabibu, maamiri na watu wakubwa wa mji walikuja kumsikiliza, na mazungumzo yakaendelea mpaka usiku mwingi.

Pamoja na utabibu alisomesha fikihi ya Shafii katika Madrasa ya Masruriya mjini Kairo. Alianza kuisherehesha Tanbihi ya Imam Abu Ishaq al-Shirazi, kitabu ambacho Imam al-Nawawi naye, aliyeishi zama hizo hizo, alikishughulikia. Kwa elimu yake hiyo Taj al-Din al-Subki alimtia katika kitabu chake cha tabaka za wanavyuoni wa Kishafii. Alikuwa hodari pia katika usuli, hadithi, lugha na mantiki. Abu Hayyan al-Gharnati, bingwa wa sarufi ya Kiarabu, ni mmoja wa waliosoma kwake mantiki. Tena aliandika kitabu kiitwacho al-Risala al-Kamiliyya, ambacho ndani yake anasimulia kisa cha mtu aliyekulia peke yake kisiwani, akaongozwa na akili yake mpaka akafahamu haja ya kuletwa Mitume.

KAZI YAKE NA VITABU VYAKE

Akiwa bado kijana, mwaka 640 Hijria, sawa na 1242, Ibn al-Nafis aliandika sherehe juu ya sehemu ya kitabu cha Ibn Sina inayoeleza viungo vya mwili. Humo alithubutu kupinga jambo ambalo matabibu walilikubali kwa zaidi ya miaka elfu moja. Galen wa zamani, ambaye Waarabu humwita Jalinus, alifundisha kwamba damu hupenya kutoka chumba cha moyo cha kulia mpaka cha kushoto kwa njia ya vitundu vidogo vilivyomo katika kiambaza kinachovitenga vyumba hivyo. Ibn al-Nafis alieleza kuwa kiambaza hicho ni kinene na hakina tundu, si la kuonekana wala lisiloonekana. Damu, alisema, hutoka chumba cha kulia ikaenda kwenye mapafu, ikachanganyika humo na hewa, kisha ikarudi kwenye chumba cha kushoto cha moyo.

Leo jambo hili linafundishwa mashuleni kwa watoto. Wakati ule hapakuwa na mtu mwingine anayejulikana kuwa amekwisha liandika. Katika Ulaya aliyekuja kuliandika ni Miguel Servet mwaka 1553, kisha Realdo Colombo mwaka 1559. Na William Harvey alipoeleza mzunguko mzima wa damu ulikuwa mwaka 1628. Katika utangulizi wa sherehe hiyo Ibn al-Nafis alitaja kwamba sharia na huruma aliyokuwa nayo vilimzuia kupasua miili.

Vitabu vyake ni vingi. Alifupiza kitabu cha Ibn Sina, na muhtasari huo ukasomwa na matabibu kwa karne nyingi. Alizisherehesha kanuni za Buqrat, akaandika kitabu juu ya tiba ya macho. Kitabu chake kikubwa kabisa kiliitwa al-Shamil, ambacho alikusudia kiwe juzuu mia tatu. Mauti yalimfikia amekwisha nakili juzuu themanini. Inasimuliwa kwamba alipotaka kuandika aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha chongwa, akauelekeza uso wake ukutani, akaandika kutoka kichwani bila ya kufungua kitabu. Kalamu ikifupa aliitupa, akatwaa nyingine, asije akapoteza wakati kwa kuchonga. Siku moja alikuwa hamamuni anaoga. Katikati ya kuoga alitoka mpaka kwenye chumba cha kuvulia nguo, akataka wino, kalamu na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa. Kisha akarudi kumaliza kuoga.

TABIA YAKE KWA WAGONJWA

Katika kutibu alikuwa na desturi moja ambayo maskini walinufaika nayo sana. Palipotosha chakula hakuandika dawa; na palipotosha dawa moja hakuandika dawa za kuchanganya. Wako wagonjwa aliowaagiza wapikiwe ngano tu, na wako aliowapa chakula cha unga wakapona. Muuza dawa mmoja, ambaye Ibn al-Nafis alikuwa akikaa dukani kwake, alichoka na mambo hayo. Alimwambia kuwa akitaka kuendelea kuandika namna hiyo basi akakae katika duka la mwuza nyama. Bali akikaa kwake yeye, aandike sukari, sharabu na madawa. Watu walikicheka kisa hiki, lakini ndani yake mna amana kubwa. Tabibu yule hakutaka mgonjwa atoe fedha isiyokuwa na haja.

Inasimuliwa kuwa hakuoa. Alijijengea Kairo nyumba nzuri iliyotandikwa marumaru mpaka ukumbini. Nyumba hii tuishike katika akili zetu, maana ndiyo itakayorudi katika khabari yetu.

HOSPITALI YA SULTANI QALAWUN

Wakati Ibn al-Nafis alipokuwa mtu mzima mwenye jina, ilijengwa Kairo hospitali iliyokuja kuzishinda zote zilizotangulia. Asili yake ni hivi. Mwaka 675 Hijria, sawa na 1276, amiri mmoja aitwaye Qalawun alikuwa vitani, akashikwa na msokoto mkali wa tumbo hali yuko Damaski. Matabibu walimtibu kwa dawa zilizotolewa katika ile Bimaristani ya Nuri. Alipopona alipanda farasi akaenda mwenyewe kuitazama, akastaajabu, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimjaalia ufalme atajenga mfano wake. Mwaka 1279 alikuwa Sultani, na baina ya mwaka 1284 na 1285 aliitimiza nadhiri yake katika mtaa wa Bayn al-Qasrayn, mahali palipokuwa na kasri ya zamani ya Mafatimi. Kazi yote haikutimiza mwaka.

Hospitali hii iliitwa Bimaristani ya Mansuri, kwa lakabu ya Sultani. Palikuwa na mahali mbali mbali kwa wenye homa, wenye macho, wenye majeraha, wenye kuhara, na mahali pa wanawake peke yao. Palikuwa na jiko, chumba cha dawa, na baraza ambayo mkuu wa matabibu alikaa kusomesha. Hati ya wakfu ilisema kuwa hospitali ni ya wote: wanaume na wanawake, waungwana na watumwa, matajiri na maskini, wenyeji na wageni. Mgonjwa alikaa mpaka apone. Aliyekufa humo alioshwa, akakafiniwa na kuzikwa kwa mali ya wakfu. Hata wagonjwa waliolala majumbani kwao walipelekewa dawa na chakula. Hati haikusahau mambo madogo: ilitaja vifuniko vya vyombo vya chakula cha wagonjwa, na vipepeo vya ukindu vya kuwapepea wakati wa joto.

Mambo yote hayo yaliendeshwa na mapato ya milki zilizowekwa wakfu, kama maduka na nyumba za kupangisha. Jengo likiwa zuri namna gani, pasipo chakula, dawa na mishahara ya kila mwezi halimfai mgonjwa.

Lakini tarekhe ya kweli hutaja na lile lisilopendeza. Msimamizi wa ujenzi ule aliwalazimisha mafundi na wapita njia kubeba mawe, na waliokuwa wakikaa mahali pale walitolewa. Kwa ajili hiyo baadhi ya wanavyuoni walilichukia jambo hilo waziwazi, hata wakazungumza juu ya kusali katika majengo yale. Twajifunza kuwa sadaka, hata ikiwa kubwa kama mlima, huulizwa ilikotoka. Ukubwa wa jengo hauondoi dhuluma ya jiwe moja.

KUFARIKI KWAKE NA KILE ALICHOKIACHA

Ibn al-Nafis aliugua kwa muda wa siku sita, naye wakati huo umri wake umefika karibu miaka themanini. Katika ugonjwa huo baadhi ya matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kidogo kuwa dawa, wakaona utamfaa. Alikataa. Aliwajibu kuwa hataki kukutana na Mola wake hali ndani ya mwili wake mna kitu hicho. Alifariki alfajiri ya Ijumaa tarehe 21 Dhul-Qaada 687, sawa na tarehe 17 Desemba 1288.

Nyumba yake ile ya marumaru, na vitabu vyake, alikwisha viweka wakfu kwa Bimaristani ya Mansuri. Hospitali ilikuwa bado mpya, haijatimiza miaka mitano tangu kumalizika. Sultani aliipa majengo, ardhi na maduka; tabibu akaipa vile vitu viwili alivyokuwa navyo vya thamani, pa kukaa na pa kusomea. Matabibu vijana waliofika hapo baada yake walikuta vitabu vya mkuu wao vikiwangoja.

Tukitazama nyuma, twaona jinsi kheri moja inavyozaa nyingine. Nur al-Din alijenga hospitali Damaski. Hospitali ile ikamponya Qalawun, naye akajenga ya Kairo. Hospitali ile ile ikamsomesha Ibn al-Nafis, naye akaipa ya Kairo nyumba yake. Na katikati yao yuko al-Dakhwar, ambaye kwa kuitoa nyumba yake aliwaonyesha wanafunzi wake kwa vitendo kwamba elimu ya tabibu isizikwe pamoja naye.

JINA LAKE KUSAHAULIWA NA KURUDI

Yapo mambo ya ajabu katika khabari ya mtu huyu. Mwenzake katika masomo, Ibn Abi Usaybi'a, aliandika kitabu kikubwa cha maisha ya matabibu, na katika nakala zilizo nyingi za kitabu hicho Ibn al-Nafis hakutajwa. Vitabu vyake vikatawanyika. Juzuu kadhaa za al-Shamil, zilizoandikwa kwa mkono wake mwenyewe, zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Uvumbuzi wake juu ya moyo na mapafu ukasahauliwa mpaka mwaka 1924, ambapo tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Freiburg katika nchi ya Ujerumani, aliisoma nakala ya sherehe ile iliyokuwa Berlin, akawafunulia watu yaliyomo.

Basi sifa ilimchelewea kwa muda wa zaidi ya miaka mia sita. Wagonjwa wa Kairo hawakuingoja sifa hiyo. Wao walipata faida ya mali yake tangu mwaka aliokufa. Hospitali ya Mansuri iliendelea kutibu watu kwa karne nyingi, na hata katika siku zetu hizi mahali pale pana hospitali ya macho yenye jina la Qalawun.

MAFUNZO KWETU

Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika ila kwa njia tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema mwenye kumwombea dua. Ibn al-Nafis, kwa hayo yanayosimuliwa, hakuwa na mtoto. Akazishika zile mbili zilizobaki kwa mikono miwili.

Sasa, ndugu Waislamu, tujitazame sisi wenyewe. Wangapi katika jamaa zetu wamekufa na nyumba, shamba au duka, wala hawakuacha hata mstari mmoja wa maandishi? Siku ya arubaini haijafika, na ndugu wamekwisha kosana. Deni la marehemu halijulikani, na kheri aliyokuwa akiisema kwa mdomo barazani hakuna awezaye kuishuhudia. Huku jirani aliyekuwa akimpenda analala hospitali, na watu wanapitisha mchango wa shilingi kwa shilingi wapate kumnunulia dawa.

Sheria yetu imetuwekea njia mbili zilizo wazi. Ya kwanza ni wakfu. Mtu mzima wa afya, mwenye akili yake, akiweka wakfu mali yake, jambo hilo limekwisha tangu siku ile. Mali haiuzwi tena, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Kinachotumiwa ni mapato yake kwa kazi iliyotajwa. Ndivyo alivyofanya Sayyidna Umar (r.a.) kwa shamba lake la Khaybar, kwa shauri la Mtume (s.a.w.). Akiweka wakfu hali yumo katika ugonjwa wa mauti, wakfu huo huhisabiwa katika thuluthi ya mali yake.

Ya pili ni wasia, ambao haufanyi kazi mpaka mwenyewe afe, na anaweza kuubadili wakati wowote wa uhai wake. Wasia una mpaka. Saad bin Abi Waqqas (r.a.) aliugua, naye alikuwa mtu wa mali na mrithi wake ni binti mmoja. Alitaka kutoa thuluthi mbili katika njia ya kheri, Mtume (s.a.w.) asimwachie, akataka nusu, asimwachie. Alimruhusu thuluthi, tena akamjulisha kuwa hiyo nayo ni nyingi, na kwamba kuwaacha warithi na kitu ni bora kuliko kuwaacha wanyosha mikono. Basi asidhani mtu kuwa kuwakumbuka wagonjwa ni kuwanyang'anya watoto wake. Kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni, kisha hutimizwa wasia usiozidi thuluthi, na kilichobaki ni haki ya warithi kama Mwenyezi Mungu alivyoigawa.

Kwa hiyo mwenye kutaka kuifuata njia ya tabibu huyu na aifuate kwa utaratibu. Na aandike angali ana afya, mbele ya mashahidi waadilifu, baada ya kumwuliza mwanachuoni wa sheria na kuhakikisha kuwa maandishi yake yanakubaliwa na sheria za nchi. Na ataje kwa jina ni kitu gani anachokitoa na ni wagonjwa gani anaowakusudia: wa macho, wazazi, watoto, au maskini wasio na nauli ya kufika hospitali. Na amchague msimamizi mwaminifu, na baada yake mwingine, kama al-Dakhwar alivyomtaja mwalimu wa nyumba yake. Kisha awaambie watoto wake mapema, wapate kuwa wasaidizi wa kheri hiyo siku ikifika, wasiwe wapinzani wake.

Wala mtu asingoje mpaka awe na nyumba ya marumaru. Chumba kimoja cha kupangisha, mnazi mmoja, kitanda kimoja cha wagonjwa, fungu dogo la thuluthi ya mali ndogo, vyote vina mahali pake. Wale waliowapepea wagonjwa wa Kairo walikuwa na vipepeo vya ukindu mikononi mwao, na vipepeo hivyo vilinunuliwa kwa wakfu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Ala al-Din Ibn al-Nafis na mwalimu wake, awarehemu wazee wetu waliotangulia katika jumuiya hii, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie tuyaandike tuliyoyakusudia kabla ya kalamu kutuanguka mikononi. Amin.